Naomba Mathenge Apewe Nishani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu, Nairobi.

Naandika kupendekeza jina la mtumishi mmoja apewe nishani ya taifa Siku ya Jamhuri. Hana mshahara, hadai marupurupu, hajawahi kuonekana kwenye semina ya Naivasha, na tangu aajiriwe mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajaomba likizo hata siku moja. Wataalamu humwita Prosopis juliflora; katika Kaunti ya Baringo wanamwita mathenge. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilimpanda huko ili azuie jangwa na kuwapatia wananchi kuni. Mwaka 1988 alikuwa amekalia hekta 882. Kufikia 2016, kwa vipimo vya watafiti waliosoma picha za setilaiti, alikuwa na hekta 18,792. Katika kuenea huko hakuna aliyemmwagilia maji, hakuna aliyemjengea kitalu, na mbegu zake zimesambazwa na mifugo, ambayo huzimeza pamoja na maganda matamu na kuzitupa njiani zikiwa tayari kwenye mbolea.

Linganisha juhudi hizo na zetu. Desemba 2022 Rais alizindua mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ukigawa kwa miaka kumi unapata bilioni moja na nusu kila mwaka, yaani zaidi ya milioni nne kwa siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili lipande miche milioni 100. Tuseme lengo la siku hiyo lilitimia bila mche hata mmoja kukauka: sikukuu hiyo ingepaswa kurudiwa mara 150. Katika viumbe vyote vilivyowahi kupewa kazi hii, ni mathenge peke yake aliyeonyesha kwamba kasi ya namna hiyo anaiweza.

Najua wizara itasita kumvisha nishani, na sababu yake inafahamika. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ya Baringo iliishtaki serikali kwa sababu ya mti huu uliofunga njia za kwenda ziwani, ukameza malisho na kuwachoma watu na mifugo kwa miiba. Mbele ya mahakama alifikishwa mbuzi kibogoyo, pengine shahidi wa kwanza nchini kuthibitisha kesi kwa kukosa meno, maana maganda yale yenye sukari hung'ang'ania ufizini na kuozesha meno mpaka yang'oke. Mwaka 2008 mathenge alitangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Tazama basi, Mheshimiwa, jinsi serikali ilivyomtendea: ilimwajiri kwa kazi ya kuongeza miti, akaiongeza, kisha ikamtangaza adui. Hakuna aliyedanganya katika ripoti. Miche ilipandwa, ikashika, ikaongezeka. Kama kipimo cha ufanisi ni idadi ya miti, anastahili medali, na kama tunaona haya kumpa, basi kilichokosewa ni kipimo chenyewe, nacho ndicho mpango wa bilioni 15 ulichobandikwa kwenye paji la uso.

Shida ya kuhesabu miche ni kwamba hesabu huanza kuamua pa kupanda na cha kupanda. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi hii ni ardhi kame na nusu kame, na sehemu kubwa yake ni mbuga za nyasi. Hizo si misitu iliyokufa ikisubiri kufufuliwa. Zimekuwa mbuga tangu kale, zikilishwa na wanyama, zikichomwa na moto, zikiota upya mvua ikinyesha. Lakini kwa jicho la mwenye lengo la bilioni 15, ardhi isiyo na mti ni ardhi tupu. Jicho hilo si la Kenya peke yake. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa AFR100, mpango wa Afrika wa kurejesha hekta milioni 100 ambao Kenya imeuahidi hekta milioni 5.1. Waligundua kwamba eneo linalokaribia ukubwa wa Ufaransa limo hatarini kupandwa miti mahali ambapo haikustahili, na kwamba miradi mingi hutumia miti ya kigeni. Afrika Kusini walishajifunza somo hili kwa gharama. Majaribio ya miaka mingi katika bonde la Jonkershoek yalionyesha kwamba misonobari iliyopandwa palipokuwa na vichaka vifupi vya asili hupunguza maji ya mito, na tangu 1995 serikali yao inalipa watu kung'oa miti vamizi ili maji yarudi. Sisi tulitoa sikukuu ya kupanda, wao wanatoa ajira ya kung'oa.

Utanijibu kwamba Katiba, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi. Naam, na tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta asilimia 12.13. Agizo la Katiba lilikuwa limeshatimia kabla bilioni 15 hazijatajwa. Lengo la mpango huu, la kufikisha miti kwenye asilimia 30 ya ardhi ifikapo 2032, tumejiwekea wenyewe. Utasema pia kwamba mpango unasisitiza mti unaofaa mahali panapofaa, na kwamba programu ya JazaMiti humwonyesha mpandaji mti wa kuotesha katika wadi yake. Hilo nalikubali, tena nalisifu. Ila ushauri hutolewa kwenye simu, na sifa hutolewa jukwaani, ambako bado sijasikia gavana akipongezwa kwa hekta za nyasi zilizorudi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya tabianchi: mti hufyonza kaboni, na dunia inaungua. Hapa pia Baringo ina jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba mathenge kweli huongeza kaboni ardhini, lakini huangamiza nyasi na mimea mingine chini yake. Nyasi za asili zilizorejeshwa kwenye ardhi iliyochakaa nazo ziliirudisha kaboni ardhini, zikarudisha na malisho, ingawa aina za mimea zilibaki chache. Tofauti ni kwamba nyasi haziwezi kuhesabiwa moja moja, wala mgeni rasmi hawezi kuzipanda kwa koleo akipigwa picha.

Halafu kuna suala la shoka. Julai 2023, zaidi ya miezi sita baada ya uzinduzi wa mpango, Rais alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyowekwa 2018, kwa maelezo kwamba itakatwa tu miti iliyokomaa kwenye mashamba ya serikali. Tuseme ndivyo. Katika daftari la miche, mti wa miaka 40 unapoanguka hakuna kinachopungua, na miche kumi ikipandwa kando ya kisiki chake tumepata faida ya kumi. Mfanyabiashara wa duka akiandika mauzo bila kuandika matumizi, hufilisika huku akidhani anapata faida.

Kwa hiyo, kama nishani ya mathenge haiwezekani, naomba wizara ichapishe mambo matatu kwa kila kaunti: miche iliyo hai miaka mitatu baada ya kupandwa, kwa aina yake; hekta za msitu wa asili zilizosimama na zilizokatwa; na hekta za nyasi zilizorejeshwa, zikihesabiwa kuwa mafanikio sawa na msitu. Ningeshukuru jibu lije kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa miche ya msimu huo huwa imeshaagizwa.