Reli ya Kiwandani

Bunduki mpya ikikosa shabaha, mshukiwa wa kwanza ni mpigaji, wa pili ni risasi, wa tatu ni upepo, na bunduki yenyewe haiitwi hata kutoa ushahidi. Mambo huwa mabaya zaidi mpigaji akiwa Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Michigan. Watu wa huku wanaamini kwamba kila aliyezaliwa Tanzania alikwenda shule huku akikimbizwa na simba. Mimi kwetu nimekimbizwa na bata mzinga wa jirani, na alinishinda.

Ukiishi Michigan, Novemba haikuachi salama. Tarehe 15 hufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na zipo shule, hasa za kaskazini mwa jimbo, zinazofungwa siku hiyo kwa sababu zinajua kwamba hata walimu watakuwa porini. Kazini kwetu, kuanzia Septemba watu hawaulizani tena habari za watoto. Nikaona nisibaki nyuma. Nikasomea cheti cha usalama wa uwindaji, kisha nikajaza fomu namba 4473 ya serikali kuu, ambayo pamoja na mengine inakuuliza, bila hata kutabasamu, kama wewe ni mtu unayetoroka mkono wa sheria. Nilitamani sana kumwona mtu anayetiki "ndiyo" halafu anarudisha kalamu kwa adabu.

Nikatoka dukani na raifoli ya .308, inanukia mafuta. Juu yake ilikuwa na reli ya chuma ya kufungia darubini, tayari imeshafungwa. Muuzaji aliigusa kwa heshima. "Hapa usijisumbue," aliniambia. "Hii imefungwa kiwandani."

Kiwandani! Sisi tuliolelewa kwenye nchi za mafundi wa chini ya mwembe tuna udhaifu na neno hilo. Fundi wa mtaani tunamkagua hadi msumari, tunamsimamia, tunamkatalia. Lakini kitu kikisemwa ni cha kiwandani, tunavua kofia.

Kwenye kiwanja cha shabaha, kwa umbali wa yadi 100, risasi yangu ya kwanza ilipiga juu kushoto. Darubini ina kitufe cha kuzungusha, na kila mlio mmoja wa kitufe husogeza shabaha robo inchi kwa umbali huo. Nikazungusha. Iliyofuata ikaenda chini kulia. Nikarudisha kidogo, iliyofuata haikuonekana kabisa kwenye karatasi, na hadi leo sijui ilikokwenda, nina hakika tu kwamba ule ukingo wa udongo nyuma ya shabaha uliipokea.

Michigan haina upungufu wa washauri. Mzee mmoja mwenye ndevu aliniambia ninapumua vibaya: nitoe nusu ya pumzi, nishikilie, ndipo nifyatue. Nikashikilia pumzi hadi nikaona nyota, risasi ikaenda zake. Wa pili akasema kidole changu kinavuta kifyatulio kwa pembeni. Wa tatu akadai tatizo ni uzito wa risasi, niache za greni 150 nijaribu za 168. Ushauri huu wa tatu ndio uliouma, kwa maana kila risasi ni zaidi ya dola moja, na mke wangu hukagua risiti kwa makini ambayo hata maofisa wa kodi hawajaifikia. Nilithubutu kuuliza kwa unyonge: "Haiwezekani ikawa hii reli?" Wote watatu walinitazama kwa huruma. Reli? Si imefungwa kiwandani?

Na kweli reli yenyewe ina ukoo. Inaitwa Picatinny, jina la kituo cha silaha cha jeshi la Marekani kilichoko New Jersey, na vipimo vyake viliwekwa rasmi kijeshi mwaka 1995: upana wa kila mfereji, nafasi kati ya jino na jino, yote yameandikwa. Walioandika hawakuacha kitu. Ila kwenye bunduki yangu, mtu aliyepaswa kukaza skrubu nne za kuishikilia alikuwa ameitwa chai.

Aliyegundua hilo ni mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na ambaye mchana kutwa kazi yake ni kukaza. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi zile wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Kwa hiyo alipoingia kwangu hakubisha hodi, hakusalimu, alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Baada ya kula ndipo akaitaka bunduki. Akatoa bolti, akachungulia chemba kuhakikisha haina kitu, kisha akaishika darubini kwa vidole viwili na kuitikisa.

Ikalia: ka, ka.

Reli ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Wewe Mzaramo," akasema, "gobore la marehemu babu lilifungwa kwa ngozi mbichi ya nyati, likakaushwa juani, na halikucheza mpaka anazikwa. Wewe umelipa madola haya yote unauziwa kayamba?"

Akaniomba karatasi na kalamu, maana Mnyamwezi huyu akishakula huwa mwalimu. Reli ina urefu wa kama sentimita 12. Upande mmoja ukiinuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ile ile aliyokuwa akiandikia, huko yadi 100 risasi inahama zaidi ya sentimita 7. Na kila bunduki ikipigwa, kishindo kinaisogeza reli upya, kila mara upande inaoutaka yenyewe. Nilikuwa nazungusha vitufe kumfukuza mtu ambaye hakai nyumba moja siku mbili.

Nilipiga simu kiwandani. Baada ya muziki mrefu, binti mwenye sauti ya asali alinishauri niwatumie bunduki, nao wangeirudisha "baada ya wiki kadhaa". Nikamwuliza kama kulungu wangeweza kusubiri. Hakucheka. Aliahidi kunitumia skrubu mpya kwa posta, bure.

Mtani hakutaka kusikia habari za posta. Skrubu zilikuwa na kichwa cha nyota, akazifungua kwa vidole tu, bila bisibisi, huku akinitazama usoni ili nione aibu kwa niaba ya kiwanda. Matundu yalikuwa yamejaa mafuta, na gundi ya skrubu haishiki penye mafuta. Ikabidi nimwombe mke wangu ile dawa yake ya kutolea rangi ya kucha.

"Ya nini?"

"Ya bunduki."

"Bunduki ina kucha tangu lini?"

Alitupa, lakini alisimama hapo hapo akihesabu matone.

Gundi yenyewe ni kitu cha ajabu. Ilibuniwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, nayo huganda inapokosa hewa, ikiwa imebanwa katikati ya vyuma. Ya bluu unaweza kuifungua baadaye kwa vifaa vya mkono. Nyekundu haitoki mpaka uichome moto. Mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilitaka nyekundu. Mtani akakataa, akatia tone la bluu kila skrubu, akakaza kwa spana yake ndogo ya kupima nguvu, inchi-paundi 20, akizunguka kwa msalaba, na akaamuru iachwe mpaka kesho.

Kiwanjani, risasi tatu zikakaa ndani ya inchi moja na nusu. Mzee mwenye ndevu akaja, akachungulia karatasi, akanipiga bega. "Unaona?" akasema. "Nilikwambia ni pumzi."

Tarehe 15 nilikaa msituni tangu alfajiri, nimevaa chungwa kama sheria inavyotaka, vidole vimekufa kwa baridi. Alipita kindi. Akapita tena, nadhani kunichunguza. Kulungu hakuna. Jioni niliporudi nilimkuta mtani sebuleni, amekuja kuchukua mguu wa nyuma, malipo ya ufundi. Nikamweleza kwamba hakuna kilichouawa. Akasema hiyo ni shida yangu na kulungu, haimhusu. Akafungua friza, akapekua, akatoka na mguu wa mbuzi tuliyemwagizia sikukuu, na mke wangu, ambaye babu yake mzaa mama ni wa Tabora, akamfungia kwenye mfuko na kumwuliza kama angependa na maini.