Lugha Isiyo na Ngeli

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi, na ngeli zilinivunja mifupa mapema. Darasa la sita mwalimu alinisimamisha nitunge sentensi yenye kivumishi, nikasema "viatu mzuri". Darasa zima likaangua kicheko, ingawa hakuna aliyejua jibu. Walifurahi tu kwamba si wao waliosimamishwa. Mtaani kwetu kila kitu ni "mzuri": gari mzuri, watoto mzuri, chapati mzuri. Ngeli tuliwaachia watu wa Mombasa.

Ndiyo maana nilipokutana na Kituruki nilihisi nimefika nyumbani. Tulikutanishwa na Diriliş: Ertuğrul, ile tamthilia ya TRT ya 2014 hadi 2019, ambayo jirani alikuwa nayo yote kwenye flashi. Kituruki, msomaji wangu, hakina ngeli! Uzun ni "-refu", basi. Mtu mrefu ni uzun adam, watu warefu ni uzun adamlar, barabara ndefu ni uzun yol. Kivumishi husimama mbele ya nomino kama makanga mlangoni, wala hakibadilishi shati kwa ajili ya abiria yeyote. Na kama sisi, hawabagui mume na mke: o ni yeye, awe bwana harusi au bibi harusi.

Kisha nikagundua -li. Mtu akiwa na kitu, unambandikia -li, akikikosa, -siz. Akıl ni akili yetu ileile, sote tuliitoa kwa Waarabu. Akıllı ni mwenye akili, akılsız ni mtu wa aina yangu. Irabu ni lazima zisikilizane, kwa hiyo -li huweza kuwa -lı, -lu au -lü, lakini hilo halikunitisha. Hata sisi husema pikia na somea bila kuulizwa. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshawataja wote kwenye ploti: mlinzi wa geti gözlüklü, mwenye miwani, mwenye nyumba sakallı, mwenye ndevu.

Shangazi alisikia sifa hizi. Ana kiduka Eastleigh, ukubwa wa kabati, anauza marinda kutoka Istanbul, mtaa wa Laleli, ambako wachuuzi wa nchi nyingi hununua kwa jumla. Kwa kawaida huenda mwenyewe, ila mwaka ule mguu ulimsumbua, akaamua kuagiza kwa simu. Muuzaji hajui Kiingereza wala Kiswahili.

"Si wewe unajua Kituruki?"

Nikasema najua. Kosa ni hilo moja tu. Mengine yote ni watoto wake.

Tukakaa sebuleni kwake, ghorofa ya nne, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Muuzaji, bwana mwenye masharubu mazito, akauliza wateja wetu wana maumbo gani. Hapo hapo akaingia binti ya shangazi na mtungi wa maji wa lita 20, maana mifereji ilikuwa mikavu tangu juzi. Bwana akamwona kwenye kioo cha simu, akasema: zayıf.

"Anasema wewe ni dhaifu," nikatafsiri, nikiona fahari kwamba neno ni letu.

Neno ni letu kweli, ila Waturuki humwita hivyo hata mtu mwembamba. Binamu aliutua mtungi polepole. "Mwambie aje aupandishe yeye kutoka chini, halafu tuongee udhaifu."

Muuzaji hakuelewa, akatabasamu, akamgeukia shangazi: balık etli. Balık ni samaki, et ni nyama, na -li namjua kama ndugu yangu. "Shangazi, anasema wewe ni mwenye nyama ya samaki."

Kimya.

"Samaki gani?"

"Hakusema."

"Kama ni omena, kata simu."

Kumbe ni sifa: mwanamke aliyejaa vizuri, asiye mnene wala mwembamba. Nililisoma hilo usiku, maji yakiwa yameshamwagika. Pale pale nilijaribu kuyazoa kwa kumweleza bwana kwamba huyu ni mtu mzima, aheshimiwe. Hala ni shangazi, dada ya baba. Nikasema: eski halam. Ajabu ni kwamba Waturuki wana uzee wa aina mbili. Mtu aliyekula chumvi ni yaşlı. Eski ni ya viatu na makochi, na ikimkaa mtu mara nyingi humaanisha alikuwa, sasa siye, kama mume wa zamani. Nilikuwa nimemtambulisha kama aliyekuwa shangazi yangu. Bwana wa watu akaonyesha huzuni.

Tukafika kwenye oda yenyewe. Shangazi alitaka marinda 15, na nadhani nilisema hivyo. Muuzaji akauliza: "Elli mi?"

Mi ni ya kuuliza. El ni mkono. Elli: mwenye mkono! Irabu zimeoana, kanuni imetimia. Sijawahi kuelewa sentensi ya Kituruki kwa utamu ule.

"Anauliza yawe na mikono?"

"Ndiyo, tena mirefu. Julai si hiyo inakuja?"

"Evet," nikamwambia muuzaji. Ndiyo. Nikarudia ili asiwe na shaka: "Evet, evet."

Elli ni hamsini. Na mkono wa nguo wala si el, ni kol.

Mzigo uliingia Julai, Nairobi nzima imevaa sweta juu ya sweta. Marinda 50, na hakuna hata moja lenye mikono. Kolsuz, ningesema, kama kungekuwa na mtu anayetaka kunisikia. Kwa kuwa shangazi ni mteja wa miaka mingi, bwana alikuwa ameyatuma kwa mkopo, na deni linalipwa kidogo kidogo. Binamu ameyatembeza sokoni Mutindwa hadi soli zikaisha, ameuza 15.

Yamebaki 35. Ni marinda mazuri. Nimesahihishiwa hapo, na aliyenisahihisha alikuwa ameshika mwiko. Kama wewe ni balık etli na huogopi baridi, panda hadi ghorofa ya nne, bei mtaelewana. Usiseme nimekutuma mimi.