Jinsi ya Kuitwa Mkimbiaji Eldoret Bila Kutoka Jasho

Rafiki yangu, umehamia kwa watu wenye mapafu. Jiji lenyewe liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uwanja wake una jina la Kipchoge Keino, na anayenunua maziwa mbele yako dukani huenda ana medali nyumbani. Kukiri hapa kwamba hukimbii ni aibu. Usikiri. Tumia Kiingereza.

1. Shika neno "run" na usilitafsiri kamwe. Kamusi ya Oxford inalipa maana zaidi ya 600, na zinazodai miguu ni chache. Kiswahili kitakuumbua, maana kina utaratibu: duka huendeshwa, kiti hugombewa, mto Sosiani hutiririka, rangi ya shati huchuja, pua huchuruzika. Kiingereza kimerundika yote hayo mahali pamoja. Jifiche humo.

2. Miliki kitu. Kibanda cha M-Pesa kule Langas kinatosha. Ukiulizwa kama una-run, jibu: "Kila siku, hata Jumapili." Ni kweli tupu. Kisha nyamaza, watu wenyewe watakuhesabia kilomita.

3. Huna biashara? Gombea, hata kama ni uweka hazina wa chama. Wesley Korir alishinda Boston Marathon mwaka 2012, na mwaka 2013 akachaguliwa mbunge wa Cherangany. Yeye neno lilimfaa mara mbili. Wewe chukua ile nusu isiyochosha.

4. Ukiulizwa muda wako, tahadhari, hapa ndipo wengi huanguka. Usitaje tarakimu hata moja. Hawa ni watu wanaokumbuka kwamba Eliud Kipchoge alimaliza kule Vienna, mwaka 2019, kwa 1:59:40. Dakika zako za kubuni zitachambuliwa hadi usiku. Tazama mbali kidogo, useme: "Hutegemea msimu." Mwenye duka husema hivyo, mwanariadha naye husema hivyo.

5. Raba zako zipake udongo mwekundu. Raba safi huzua maswali.

6. Siku moja mtu atakualika m-run hadi Iten. Kubali kwa furaha. Matatu nazo zina-run huko kutwa, kwa hiyo panda moja alfajiri, shuka kwenye lango la mabingwa, uagize chai. Akitokea anahema, mwambie ulitangulia. Na kweli ulitangulia.