Anguka, Ila Usiseme Neno

Habari za Birmingham ni baridi na aibu. Jumapili iliyopita mwandishi wenu, mtoto wa Mtoni kwa Azizi Ally, alitolewa nje dakika 10 katika mechi ya mtaani, na kosa lenyewe halikuwa kuanguka. Kuanguka alianguka, tena kwa ufundi wote aliofunzwa na mchanga wa Tandika: buti la beki limepita jirani, yeye akapiga yowe, akabingiria mpaka kwenye chaki, akashika enka ambayo haikuguswa. Kwenu hapo benchi zima lingeingia na ndoo ya maji, na wa nyuma ya goli wangekuwa wameshamzunguka refa. Hapa kimya. Alibweka mbwa wa mtu aliyekuwa akipita, basi. Refa, mzee mwenye kitambi cha heshima, akamwambia kwa upole ainuke. Akainuka, akaanza kujieleza. Kujieleza ndiko kulikomponza.

Nyie mnaoujua uwanja wa Bandari pale Temeke, sikieni hii. Tangu msimu wa 2019/20, Chama cha Soka cha England (FA) kimeweka kwenye ligi za ngazi ya chini sheria ya kifungo cha muda. Anayembishia refa analambwa kadi ya njano na kwenda kusimama pembeni dakika 10, wenzake wanacheza pungufu, kisha anarudi. Kifungo hicho ni cha mdomo tu. Ukichelewa kwenye mpira ukamfyeka mtu, njano yako ni ya kawaida na unaendelea na kazi. Ukimwambia refa hajaona, unakwenda kuota baridi. Mwandishi wenu aliiota, mikono kwapani, akipiga hesabu ya Ndondo Cup kuchezwa kwa sheria hii. Nusu saa haijafika, uwanjani wamebaki makipa wawili na refa, na kipa mmoja ameanza kufungua mdomo.

Aliyemletea koti ni beki yuleyule. Kipindi cha kwanza alikuwa amemkanyaga kweli, soksi ikachanika, na refa akasema mpira uendelee.

Huko juu kwa wanaolipwa, mambo ni ya ajabu zaidi. Mwaka 2017 FA ilianzisha jopo la watu watatu: aliyekuwa refa, aliyekuwa kocha na aliyekuwa mchezaji. Kila mmoja anaitazama video peke yake. Wote watatu wakikubaliana kwamba fulani alijiangusha, na refa akaingia mkenge akatoa penati au kadi nyekundu, fulani anashtakiwa, na adhabu yake ni kukosa mechi mbili. Wa kwanza kunaswa katika Ligi Kuu alikuwa Oumar Niasse, Msenegali wa Everton, Novemba 2017, kwa penati aliyoipata dhidi ya Crystal Palace. Angalieni mantiki ya wenyeji wetu: ukijiangusha refa akakushtukia, njano inatosha. Mechi mbili ni za yule aliyefaulu! Kinondoni aliyefaulu hununuliwa soda.

Msidhani lakini kwamba wenyewe ni malaika. Kombe la Dunia 2002, Juni 3, Rivaldo wa Brazil alipigwa mpira wa paja na Mturuki, akaanguka ameshika uso, na FIFA ikamtoza faini ya faranga za Uswisi 11,500. Siku nne baadaye, Sapporo, Michael Owen alidondoka kwenye boksi la Argentina, David Beckham akafunga penati, England ikashinda 1-0. Beki aliyeponzwa siku ile, Mauricio Pochettino, alikuja kusema mwaka 2018, akiwa kocha wa Tottenham, kwamba Owen aliruka kama yuko kwenye bwawa la kuogelea. Owen naye amewahi kukiri kwamba angeweza kubaki wima. Mkitaja Rivaldo huku, watu wananuna. Mkitaja Sapporo, wanatabasamu na kuagiza bia nyingine.

Wanachokipenda hasa ni undava. Stoke City walipopanda Ligi Kuu mwaka 2008, silaha yao kubwa ilikuwa Rory Delap, aliyewahi kuwa bingwa wa kurusha mkuki enzi za shule. Anaufuta mpira kwa taulo, anautupa kwa mikono mpaka mlangoni kwa kipa, na majitu yanagongana huko. Uwanja mzima unasimama kwa mpira wa kurusha!

Na tusiutukane sana undava huo, maana ndio uliotufungulia mlango. Januari 1, 2020, kule Burnley, Wesley, mshambuliaji Mbrazili wa Aston Villa, aliumia goti alipokabwa na Ben Mee. Msimu ukaishia hapo kwake. Villa wakahaha kutafuta mtu, na kabla mwezi haujaisha wakamchukua Mbwana Samatta wa Mbagala kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Naye alijirusha, tena Wembley, Machi 1, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City: krosi ya Anwar El Ghazi, mwili mzima hewani, kichwa, wavuni. Hakuna aliyeitisha jopo.

Mwandishi wenu siku hiyo alikuwa kwenye kibanda umiza cha Rangi Tatu, amebanwa kwenye benchi, na krosi ile hakuiona kwa sababu ya jamaa mmoja mwenye mgongo wa kabati aliyesimama mbele yake. Bao alilijua kwa kelele. Sasa anaishi jirani na Villa Park, ana kioo kipana sebuleni, hakuna wa kumziba. Wala hakuna wa kubishana naye, na huko ndiko anakoumia kweli, bila kushika enka.

Villa walilala 2-1 siku ile. Samatta hakuwafungia tena, na Septemba akaenda Fenerbahçe. Kwa hiyo nyie wa Kariakoo mliouza jezi za Villa zenye jina lake, mkikuta imebaki hata moja stoo, mtumieni mwandishi wenu. Saizi ni kubwa kidogo kuliko mnavyomkumbuka.