Ukingʼoa Ubao Mutoshi

Mtu wa Mombasa aking'oa mbao za sakafu yake, majirani watasema anatengeneza nyumba. Hapa Mutoshi, mtaa wa Kolwezi, Kongo, watasema amepata madini ya kobalti. Wala hawawazi ovyo: mwaka 2014, huko Kasulo, Kolwezi hii hii, madini yalionekana kwenye kiwanja cha nyumba, na haukupita muda watu wakawa wanachimba mpaka vyumbani, kitanda kimesukumwa pembeni, shimo katikati.

Sisi tulitaka vigae tu. Sebule yetu ilikuwa na sakafu ya mbao, jambo la nadra katika nchi hii ya vichuguu vinavyopita mapaa ya nyumba. Aliyeijenga alikuwa seremala, na kazi ile inaonekana aliifanya jioni jioni. Ukiweka chungwa mlangoni, linajiendea lenyewe mpaka chini ya kabati. Watoto walipenda sana. Mama watoto, ambaye ndiye aliyekuwa akiinama kuyatoa, hakupenda hata kidogo.

Fundi wa kwanza hakuona tatizo. "Papa, tunamwaga simenti juu ya mbao, kesho munapanga vigae." Maneno matamu kama hayo huwa yana gharama. Wa pili, mzee asiyependa maneno, alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni kama daktari wa kifua, akatuambia tutembee. Kila ubao ulipolia aliuchora kwa chaki. Kisha akaeleza: mbao hunywa maji ya simenti zikavimba, zikikauka zinasinyaa, na kigae hakijui kujikunja, kinapasuka. Tena simenti na mchanga wa unene wa sentimita 5 ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na boriti zetu mchwa walishazionja. Kwa hiyo: kung'oa mbao, kubadili boriti zilizooza, kusawazisha kwa pima maji, kukaza kwa skrubu badala ya misumari, kutandika plaiwudi nene na kuacha upenyo mdogo kati ya vipande, ndipo gundi ya vigae, ile inayovumilia mtikisiko.

Tukang'oa. Jioni umeme ukakatika. Mabwawa ya Nzilo na Nseke ni majirani zetu, lakini umeme wake una marafiki wakubwa kuliko sisi. Mzee hakutaka kuacha kazi nusu, akashuka chini ya boriti na tochi.

Mwanga unaotoka chini ya sakafu, usiku, Mutoshi! Mama jirani alifika kwanza, kuomba chumvi. Alipewa chumvi, akaendelea kusimama, shingo ndefu. "Papa, na sisi mutatuachia kidogo?" Nyuma yake vijana, gunia begani, sururu mkononi, wakitaka tugawane nusu kwa nusu, wao watachimba, mimi nitatoa shimo. Mwisho shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa mwenyewe, amevaa koti kabisa, akanikumbusha kwamba tangu Sheria ya Madini ya 2002, na hata kabla yake, madini yaliyo ardhini ni mali ya Serikali. Nikamwambia Serikali inakaribishwa, ila ivue viatu.

Aliinama akamulika. Palikuwa na udongo mwekundu, kitana, machungwa makavu, na chupa tupu za bia zilizopangwa vizuri kwenye kona, kazi pekee iliyonyooka ya yule seremala. Shefu alizihesabu mara mbili. Vijana wakaomba chupa, maana zinarudishwa dukani kwa pesa. Wakaondoka nazo, gunia likilia njia nzima, na kesho yake mtaa wote ukajua kwamba kwetu mzigo umetoka usiku.

Vigae sasa vimelala sawasawa na havijapasuka. Ila wewe mwenye sakafu ya mbao Kolwezi, sikia: nunua vigae kwanza, vipange mbele ya nyumba watu wavione, kisha ng'oa mchana, mlango wazi.