Barua ya Wazi kwa Wapambaji wa Simu Zetu

Kwa Wakurugenzi wa Idara za Programu,
Viwanda vya Simu za Android.

YAH: SHUKRANI KWA WAPANGAJI MLIOTULETEA

Waheshimiwa,

Android ya msingi hutolewa bure, nanyi kwa huruma mkaona aibu kutukabidhi ikiwa tupu. Nikanunua simu ya GB 64, nikaiwasha, nikakuta wapangaji wameshahamia: kivinjari cha pili, duka la pili la programu, michezo nisiyoijua, na programu ya kusafisha simu ambayo ndiyo taka ya kwanza. Nyumba nimelipia mimi, kodi mnapokea nyinyi. Nikitaka kuwaondoa, naruhusiwa kuwazima tu; kufuta ni mwiko.

Tunashukuru pia kwa matangazo. Abiria anatafuta M-Pesa alipe nauli, konda kamsimamia, mara kioo kizima kinageuka tangazo. Bando ni la abiria, ukarimu ni wenu.

Wapo wakorofi wanaosifu Android isiyoguswa. Wanatukumbusha kuwa Google iliiahidi simu yake, Pixel 8 ya mwaka 2023, masasisho ya miaka 7, ilhali nyinyi kila toleo jipya likitoka lazima kwanza mlivishe mapambo yenu, na simu za bei ya chini husubiri hadi zisahaulike. Wasichosema ni kwamba Pixel huku kwetu huletwa na waagizaji binafsi, na bei yake si ya kila mfuko. Wala hawasemi kwamba laini mbili, betri ya kuvumilia umeme ukikatika, na kamera inayoitambua ngozi nyeusi, vimetufikia kwa bei nafuu kupitia baadhi yenu.

Kwa hiyo hatuwaombi mvue kila kitu. Tunaomba kitufe cha kufuta. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka Google na Apple zimruhusu mteja kuondoa programu alizozikuta kwenye simu. Kumbe kitufe hicho kinatengenezeka.

Pia, kwenye boksi, kando ya "GB 64", andikeni kwa wino uleule GB zinazobaki mkishajihudumia, na mwaka ambao masasisho yatakoma. Kati ya iliyopambwa na isiyopambwa, tutachagua wenyewe. Mkiona maandishi hayo yataharibu biashara, basi mtakuwa mmeshaijibu barua hii.

Wenu mtiifu,
Mwenye simu (kwa mujibu wa risiti)