Kondoo wa Pamba Safi

Anayeandika orodha ya vifaa vya klabu yetu ya vitabu haishi Mhunze. Hilo nililijua tangu orodha ya kwanza: karatasi za manila za rangi mbalimbali, gundi ya kupaka, vijiti vya aiskrimu, macho ya plastiki yanayocheza, na "pambo lolote la kung'aa ulilonalo nyumbani." Mhunze ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, na duka la vifaa vya shule tunalo. Linauza madaftari, kalamu, na kwa sababu anazozijua mwenyewe mwenye duka, sumu ya panya. Nilipomwulizia macho ya plastiki alinitazama kwa huruma.

"Mama Kulwa," akasema, "macho ya nani?"

Vilabu vya namna hii vilianza kujaa kwenye simu zetu baada ya tarehe 17 Machi 2020, serikali ilipotangaza kufunga shule kwa ajili ya korona. Watoto walirudi madarasani tarehe 29 Juni, vilabu vingine vikasahau kuondoka. Chetu kinaendeshwa na dada mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watoto wanakusanyika kwenye kioo cha simu, dada anawasomea hadithi, kisha wanafanya kazi ya mikono inayohusu hadithi hiyo. Hadithi zenyewe sina ugomvi nazo. Nyingi anazitoa African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambako mtu anasoma au anachapa bure, na Kiswahili kimo. Kusoma hakujawahi kutuvunjia kitu. Kubandika ndiko kunakotuletea kesi.

Nina mapacha wa miaka sita. Kwa desturi ya Wasukuma aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na tofauti yao haiishii hapo: Kulwa anauliza kabla ya kuharibu, Doto anaharibu halafu haulizi. Tunaishi na baba mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Babu na mtaa mzima pia unamwita Babu. Yeye ndiye mwanachama wa tatu, ingawa hakuna aliyemwandikisha.

Kwa Babu, mtu akitokeza uso wake nyumbani kwako, hata kupitia simu, ni mgeni. Na mgeni anasalimiwa. Jumamosi ya kwanza aliivuta simu, akavaa miwani, akaanza kwenye kona ya juu: "Mwangaluka!" Akasubiri ajibiwe. Akahamia kwa mtoto wa pili, wa tatu, akiuliza wazazi hawajambo, ng'ombe hawajambo, mvua huko imenyesha? Alipofika kwa mtoto aliyeko Muscat akaambiwa huko mvua ni nadra, akasikitika sana, akamwambia avumilie, na Kishapu ni hivyo hivyo. Hadithi ilikuwa bado haijafunguliwa ukurasa.

"Babu, shikamoo," dada akasema kwa upole. "Tunaomba uzime maiki."

Babu akanigeukia. "Anasema nizime taa? Mchana huu?"

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa wa kondoo. Orodha ya wiki ile ilikuwa fupi hata nikafurahi: kadi ya boksi, gundi, na pamba kidogo. Pamba! Kwa mara ya kwanza tuliombwa kitu ambacho Kishapu inacho. Kule Dar es Salaam pamba ni kile kifurushi kinachonunuliwa duka la dawa. Kwetu siku zile ilikuwa imejaza chumba cha wageni kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, ikisubiri mizani ya chama cha ushirika ifunguliwe. Ndiyo ada, ndiyo mabati, ndiyo deni la dawa ya kunyunyizia. Babu alikuwa akiichambua mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anatoa kijani kimoja kimoja na kila chembe ya udongo, safi anaiweka upande huu na fifi upande ule. Asiyelima pamba anaweza kudhani ni lundo moja. Mnunuzi hadhani hivyo, na bei yake haidhani hivyo.

Niliwaambia wachukue kidogo kwenye fifi. Kulwa akauliza fifi ni ipi. Doto alishachukua.

Gundi hatukuwa nayo, kwa hiyo Kulwa alitumia uji mzito wa sembe, kama sote tulivyobandika picha utotoni. Doto aliona uji ni mambo ya kizamani. Nyuma ya nyumba kuna vijana wanaotega ndege, na vijana hao wana ulimbo. Ukitaka kujua nguvu ya ulimbo, muulize ndege. Kondoo wa Doto alianza kwenye kadi ya boksi, akahamia kiganjani, akapanda kwenye kiwiko, na kwa kuwa mkono uliwasha, akafika kichwani. Kila alikogusa pamba ilimfuata. Alikimbilia chumba cha wageni kujifuta, na pale alipojifutia ndipo palipokuwa na pamba safi ya Babu, kazi ya siku nzima.

Babu aliokota donge moja, akaligeuzageuza mwangani. Lilikuwa na ulimbo, nywele na unyoya wa njiwa.

"Hii," akasema polepole, "hata fifi haifiki."

Wakati huo kondoo wa Kulwa alikuwa ameanikwa uani akauke. Kuku wawili walimwona. Kuku hawana haja na pamba, ila uji wa sembe wanaujua vizuri. Walianza na miguu. Kulwa alipofika palibaki kichwa na sufu ya mgongoni, na akalia kilio ambacho dada wa Dar es Salaam alikisikia akadhani ni mtandao unakwaruza.

Ikaja zamu ya kuonyesha. Watoto wa Masaki wakainua kondoo wao, wote weupe, wote wana macho yanayocheza. "Doto wa Mhunze, tuonyeshe wa kwako!" Doto akainua mkono, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumwinua. Pamba ilikuwa imemvaa kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Jamani!" dada akapiga makofi. "Ametengeneza kondoo wa kuvaa mkononi! Huo ndio ubunifu!"

Mama mmoja aliandika pale pale kuuliza jina la gundi. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nasugua mkono wa mtoto kwa mafuta ya alizeti, na bei ya mafuta ya alizeti sote tunaijua.

Kazi ya wiki nyingine, taji la binti mfalme, ilipita bila hasara. Tuliambiwa tubandike "vito vya kung'aa," nasi tukabandika visoda na karatasi ya fedha ya ndani ya biskuti. Babu peke yake ndiye aliyegoma. Mgodi wa almasi wa Mwadui umo wilayani kwetu. Dakta John Williamson, Mkanada, aliugundua mwaka 1940, na mwaka 1947 ikapatikana humo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alipoolewa mwaka huo huo. "Mwambieni huyo dada," Babu akasema, "sisi kwa binti mfalme tulishachanga."

Kisha, Jumamosi moja, orodha ikasema: udongo wa kuchezea, rangi yoyote. Wenzetu walifungua vikopo vya plastiki. Wanangu walishuka mbugani na ndoo. Mtoto wa Kisukuma anafinyanga ng'ombe kabla hajajua kuandika jina lake, na hakuna anayemfundisha kwa video. Walirudi na fahali mwenye nundu, jike, na ndama anayenyonya, pembe zimewekwa kwa miiba ya mgunga. Babu alikagua nundu, akasema ifinyangwe upya. Kwenye kioo cha simu palionekana twiga wa zambarau aliyelala kwa kukosa shingo, kitu kilichosemekana ni simba, na zizi letu. Dada alinyamaza kidogo. Mtoto wa Muscat akauliza kama wanauzwa. Babu akawasha maiki bila kuombwa na kuanza kutaja bei.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waandaaji ni mfupi. Endeleeni na hadithi, tunazipenda. Orodha ya vifaa itumwe Jumatano, siyo Ijumaa usiku, na kabla ya kuituma mpeni mtu wa Kishapu aipitie. Ya Jumamosi hii imeshafika: kadi ya boksi, gundi, manyoya ya ndege ya rangi. Jirani yangu mwenye jogoo mwekundu, ukisoma hapa, mfungie ndani hadi saa sita mchana.